Fenobabitoni au kabamazepini? Dawa mbili za kifafa kwenye mizani ya usingizi

Mama mmoja alifika kliniki asubuhi amembeba mtoto wa miaka minane mgongoni, daftari la matibabu kwapani. Kabla hajakaa kwenye benchi akasema: “Nesi, dawa yenu nimeiacha. Mtoto analala kama pono, hata uji hanywi.” Nikamuuliza ameiacha lini. Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na usiku wa kuamkia hapo mtoto alikuwa ameanguka mara nne.

Sikumgombeza. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, wagonjwa wa kifafa na wa akili hupokelewa katika chumba kimoja. Lakini kabla sijavaa sare nilikuwa dada wa mgonjwa. Mdogo wangu wa mwisho alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Akapewa fenobabitoni, akahamishiwa kabamazepini, na sasa yuko tena kwenye fenobabitoni. Kwa hiyo nikisema nitazilinganisha dawa hizi mbili, nazijua kutoka upande wa meza na upande wa benchi.

Ninayemwandikia ni mtu ambaye ameshathibitishiwa kuwa ana kifafa, au mzazi wake, na ameambiwa kuna njia mbili. Dozi yako ataipanga anayekutibu baada ya kukupima uzito na kukusikiliza. Mimi nataka uende kwake ukijua la kuuliza.

Ipi kali zaidi?

Hilo ndilo swali la kwanza la kila familia, na jibu lake lilitafutwa karibu na sisi. Huko Nakuru, Kenya, watafiti waliwachukua wagonjwa 302 wa vijijini na pembezoni mwa mji wenye kifafa cha kutupa mwili, wakawagawa, hawa fenobabitoni na hawa kabamazepini, wakawafuatilia mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 1991 kwenye jarida la Lancet. Waliomaliza mwaka walikuwa 249. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 53 kati yao hawakuanguka hata mara moja, na asilimia 26 nyingine kuanguka kwao kulipungua kwa zaidi ya nusu. Ukizitenganisha dawa hizo mbili, tofauti ya maana haikuonekana.

Kwa hiyo ukali weka pembeni. Kwa kifafa kile cha kukakamaa na kutupa mikono na miguu, zote mbili ni dawa za kweli. Anayekuambia kwamba fenobabitoni ni “dawa ya maskini” na ile nyingine ndiyo dawa hasa, mwambie habari za Nakuru.

Kuna kifafa kingine, hata hivyo, ambacho dawa hizi mbili si za kukimbilia. Mtoto anazubaa sekunde kumi, macho wazi, kijiko kimeganda hewani, kisha anaendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Au kijana akiamka asubuhi mikono inashtuka yenyewe, kikombe cha chai kinamruka, na nyumbani wanamwita mzembe. Kabamazepini inaweza kuzidisha hali hizo zote mbili, na fenobabitoni haisaidii kuzubaa. Mambo haya daktari hayaoni chumbani kwake. Ni wewe uliyeyaona sebuleni. Yaseme hata usipoulizwa. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu ya kupiga video, na video ya nusu dakika imewahi kutubadilishia dawa tuliyokuwa tumeshaiandika.

Usingizi wenyewe

Fenobabitoni ilizaliwa kwenye ukoo wa dawa za usingizi. Mwaka 1912, huko Freiburg, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wa kifafa dawa hiyo mpya, ikiitwa Luminal, ili watulie usiku. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa akilala karibu na wodi yao na kelele za usiku zilimkosesha usingizi. Akagundua kwamba waliokunywa walipungua kuanguka hata mchana. Zaidi ya miaka mia moja imepita na dawa ile ile bado iko kwenye makopo yetu. Hapa nchini, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall aliitumia kwenye kliniki ya kifafa aliyoianzisha katika milima ya Mahenge, miongoni mwa Wapogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kabamazepini ni mdogo wake kwa miaka arobaini na kitu. Ilitengenezwa mwaka 1953 na Walter Schindler kwenye kampuni ya Geigy, Basel, Uswisi, na wengi wanaijua kwa jina la Tegretol.

Tofauti ya usingizi inatokana na namna zinavyoutuliza ubongo. Fikiria darasa lenye wanafunzi sabini na mmoja ameanza kupiga kelele ambazo zitawaambukiza wengine. Fenobabitoni ni mwalimu anayeingia na kuamuru darasa zima liinamishe vichwa mezani: huipa nguvu ile kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kutuliza kila kona. Kabamazepini humwendea yule anayepiga kelele na kumshika bega: huzuia seli zile zinazofyatuka mfululizo zisiendelee kufyatuka, na zilizotulia huziacha zaidi katika hali yake. Ndiyo maana ya kwanza inalaza zaidi.

Hapa wengi huteleza, na yule mama hakuwa wa kwanza. Usingizi wa fenobabitoni ni mzito zaidi wiki za mwanzo. Kwa mtu mzima, ukimeza leo, baada ya siku kama nne nusu yake bado imo mwilini. Ya kesho inaongezeka juu ya ya leo, na dawa huendelea kupanda kwenye damu wiki mbili hadi tatu kabla ya kutulia kwenye kimo chake. Wakati huo huo ubongo nao unaizoea polepole. Mgonjwa aliyekuwa anasinzia juu ya sahani wiki ya pili, mara nyingi wiki ya tano anapepeta mchele. Ushauri wangu kwa familia ni mmoja: msiihukumu kabla mwezi haujaisha. Isipokuwa mgonjwa akishindwa kuamshwa, akipumua kwa shida, au akitembea kama mlevi. Hapo hakuna kusubiri mwezi, ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa yule mama alikuwa na uzito wa kilo 20. Nilipofungua daftari nikakuta alianzishiwa vidonge viwili vya miligramu 30 asubuhi na viwili jioni, jumla miligramu 120 kwa siku. Kwa mtoto, kawaida tunaanza na miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo, yaani huyu 60 zingemtosha kwa kuanzia. Alikuwa amepewa mara mbili yake, na nusu ya dozi ilikuwa inamwingia saa ya kwenda shule. Nani aliandika, tuache. Daktari wetu alimrudishia dawa kwa vidonge viwili, vyote usiku, baada ya chakula. Kwa kuwa fenobabitoni inakaa mwilini muda mrefu, mara moja kwa siku inatosha, na ile saa ambayo inalewesha zaidi unaipeleka kitandani ambako usingizi hauna kesi.

Kuna usingizi mwingine ambao hausemwi sana kwa sababu macho yako wazi. Mdogo wangu alipokuwa kidato cha kwanza alikuwa ameshaacha kusinzia, haanguki, sote tunafurahi. Siku moja akaniambia, “Dada, ni kama nimevaa blanketi kichwani. Mwalimu anaongea, nasikia, lakini haingii.” Uzito huo wa akili, usahaulifu, na wakati mwingine huzuni isiyo na sababu, ndiyo malipo ambayo baadhi ya watu huendelea kuyalipa hata baada ya miezi. Si wote. Lakini ukiona mtu wako amepoa kuliko alivyokuwa, au anasema maneno ya kuchoka na maisha, hiyo ni sababu halali ya kuomba dawa nyingine.

Kabamazepini nayo ina yake. Haikulazi sana, ila inakuzungusha. Saa chache baada ya kumeza, wengine wanaona viwili viwili, wanayumba, wanasikia kichefuchefu. Mara nyingi chanzo ni kuanza na dozi kubwa siku ya kwanza. Mtu mzima huanza na miligramu 100 au 200 kwa siku, kisha hupandishwa polepole hadi 400 na zaidi, zikigawanywa asubuhi na jioni. Hapa haraka haina baraka kabisa.

Ina tabia nyingine ambayo ningependa kila mgonjwa aijue. Kabamazepini hulifundisha ini kuivunjavunja yenyewe. Mwanzoni inakaa mwilini vizuri. Kufikia wiki ya tatu hadi ya tano ini limeshajua kazi, na dozi ile ile inaacha dawa kidogo zaidi kwenye damu. Mgonjwa aliyekaa mwezi mzima salama anaanguka tena, na jirani anasema “si nilikwambia ni mambo ya kwao.” Hakuna cha kwao. Ni dozi inayotakiwa kuongezwa. Ukijua hivyo mapema hutakimbilia kwa mganga.

Mtoto wa shule

Kwa watoto madaktari wenyewe wamevutana. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa London uliowahusu watoto 167 walioanza tu dawa. Kati ya watoto kumi wa kwanza waliopangiwa fenobabitoni, sita walipata madhara ya tabia na usingizi yasiyovumilika, na watafiti wakaacha kuwapa watoto wengine dawa hiyo. Ukisoma hapo tu, utaapa hutaigusa. Lakini huko Dhaka, Bangladesh, mwaka 2007, watoto 108 waligawanywa kati ya fenobabitoni na kabamazepini, na tabia mbaya hazikuonekana kuzidi kwa waliokunywa fenobabitoni. Tofauti moja kubwa ni kwamba London madaktari na wazazi walijua mtoto anakunywa nini, na fenobabitoni ilikuwa na jina baya tayari. Jicho linalosubiri kosa huliona.

Kwa ninayoyaona mwenyewe, watoto wengi wanaivumilia fenobabitoni ikianzwa chini na kupewa usiku. Wachache hawaivumilii kabisa, na wao mara nyingi hawalali. Wanageuka. Mtoto aliyekuwa mpole anakuwa wa kupanda juu ya kabati, anauma wenzake, hatulii hata dakika. Wazazi hudhani ni kifafa kimepanda kichwani. Ni dawa. Na mtoto ambaye tangu mwanzo akili yake inakua polepole au ana utundu uliopitiliza, Shirika la Afya Duniani linashauri fenobabitoni iepukwe, naye apewe kabamazepini au valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Hapo sina la kuongeza.

Kwa aliye karibu na mtihani wa taifa, kama kabamazepini ipo na fedha ipo, mimi huelekea huko. Ndivyo tulivyofanya kwa mdogo wangu. Blanketi lilitoka kichwani ndani ya miezi miwili, na hesabu zikarudi.

Mwanamke, kijiti na mimba

Sehemu hii kliniki nyingi huipita haraka kwa sababu ya aibu, nami nitaikawia.

Dawa zote mbili, na fenitoini ikiwa ya tatu, huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi. Miongoni mwa zinazovunjwa ni homoni za uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vinaweza kushindwa kazi, na kijiti cha mkononi vilevile. Nimekutana na binti aliyekuwa na kijiti na mimba kwa pamoja, na aliyemwekea hakumuuliza anakunywa nini. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba havitikiswi na dawa hizi. Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango, taja dawa yako ya kifafa kabla hujatajiwa njia. Kwa suala hili, kati ya fenobabitoni na kabamazepini hakuna aliye nafuu. Zote ni wahalifu wa aina moja.

Mimba ikiingia, usiache dawa. Kuanguka vibaya ukiwa mjamzito kunaweza kumuumiza mama na mtoto. Kila dawa ina hatari yake kwa mtoto tumboni, na utafiti mkubwa wa kimataifa uliotoka mwaka 2018 uliziweka kwa tarakimu: kasoro kubwa za maumbile zilionekana kwa asilimia 5.5 ya watoto ambao mama zao walitumia kabamazepini, asilimia 6.5 kwa fenobabitoni, na asilimia 10.3 kwa valproeti. Kwa hiyo kabamazepini inaishinda fenobabitoni kidogo, na dozi ndogo ni bora kuliko kubwa. Valproeti haistahili kupewa binti anayeweza kushika mimba kama kuna njia nyingine, maana zaidi ya maumbile huathiri pia akili ya mtoto anapokua. Asidi ya foliki ianze kabla ya mimba, si baada ya tumbo kuonekana.

Kunyonyesha kunaruhusiwa kwa zote mbili. Ila mtoto wa mama anayekunywa fenobabitoni mchunguze: kama analala mno na hanyonyi kwa nguvu, dawa inapita kwenye maziwa na kumlewesha.

Dawa nyingine zilizomo nyumbani

Anayetumia ARV zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wanazo sasa, aseme. Kabamazepini na fenobabitoni huishusha dolutegraviri kwenye damu, na kwa anayetumia kabamazepini, kwa kawaida daktari huongeza kidonge cha pili cha dolutegraviri kwa siku. Dawa ya mseto ya malaria nayo hudhoofishwa. Ukitibiwa malaria na homa isiondoke, rudi ukapimwe tena.

Kabamazepini ina maadui wa upande wa pili pia, wanaoipandisha hadi mtu anaanza kuyumba: erithromaisini, ile antibayotiki ya kifua ambayo watu wanajinunulia dukani, isoniazidi ya kifua kikuu, na, amini usiamini, balungi. Glasi ya maji ya balungi kila asubuhi inaweza kutosha kumfanya mtu aone barabara mbili.

Fenobabitoni haina ugomvi na balungi. Ugomvi wake mkubwa ni pombe. Zote mbili zinalaza, na zikikutana zinaweza kulaza hadi pumzi. Kama mgonjwa ni mnywaji wa gongo au mbege na hataki kuacha, mimi simpendekezei fenobabitoni. Hata kabamazepini haipendi pombe, lakini hatari ya kukata pumzi usingizini si sawa.

Vipele ni vya kuogopwa kwa zote, hasa wiki nane za mwanzo. Vipele vyenye homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubambuka: acha dawa na ukimbie hospitali. Hapa ndipo pekee ninapomruhusu mgonjwa kuacha dawa bila kuuliza kwanza. Wenye asili ya Asia wana hatari kubwa zaidi kwa kabamazepini kwa sababu ya kitu cha kurithi kilichomo kwenye baadhi ya koo zao, na kipo kipimo cha kukitambua kabla ya kuanza.

Dirisha la dawa

Tumefika kwenye jambo linaloamua zaidi kuliko yote, na vitabu hulipa aya moja.

Fenobabitoni ni rahisi mno. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba kifafa kinaweza kutibiwa kwa dola 5 za Marekani kwa mwaka, na fenobabitoni ndiyo inayoifanya hesabu hiyo iwezekane. Kabamazepini huwa ghali kuliko hiyo mara kadhaa, na inamezwa mara mbili kwa siku. Mahali ambapo familia inauza debe la mahindi ili ipate nauli ya bodaboda kuja kliniki, tofauti hiyo si ya karatasini.

Lakini fenobabitoni ina tatizo lake: iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili. Kuiingiza nchini kunataka vibali, na si kila duka la dawa linaweza kuiuza. Ikikosekana kwenye dirisha la hospitali, huwezi kuvuka barabara ukainunua kama panadoli. Kabamazepini, kama una fedha, duka la dawa la mjini mara nyingi unaipata.

Na hapa zinatofautiana tena kwa usahaulifu. Ukisahau fenobabitoni usiku mmoja, iliyomo mwilini inakulinda hadi kesho. Ukisahau kabamazepini asubuhi na jioni, ya jana karibu imekwisha. Ila ukiikatiza fenobabitoni moja kwa moja baada ya kuizoea, mwili unalipiza kisasi: kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, hali inayoua. Ndicho kilichotaka kumpata yule mtoto. Kwa hiyo kabla hujachagua, uliza kwenye kituo chako: kati ya hizi mbili, ipi haikukosekana mwaka uliopita? Jibu la mfamasia lina uzito sawa na la daktari. Na ukibakiwa na vidonge vya wiki mbili, anza safari ya kliniki. Usisubiri kopo lilie.

Mdogo wangu alirudi fenobabitoni kwa sababu hii hii. Baada ya shule alijifunza ufundi baiskeli, akahamia senta moja ndogo mbali na mji. Kidonge cha asubuhi cha kabamazepini alikuwa anakisahau, wateja wanafika alfajiri, na mara mbili dawa ilimwishia akashindwa kwenda mjini. Akaanguka kwenye kibanda chake, mkono ukaingia kwenye spoki za gurudumu lililokuwa linazunguka. Kituo cha afya cha pale kilikuwa na fenobabitoni kila mwezi. Tukakaa, tukapima: blanketi kidogo kichwani, au spoki. Akachagua blanketi. Anameza vidonge vyake saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza, na ana miaka mitatu hajaanguka. Anasema akili yake ya kufungua mnyororo haihitaji kuwa nyepesi kama ya kidato cha nne.

Fenitoini, valproeti na Valium, kwa ufupi

Fenitoini, inayotumika tangu 1938, hailazi sana, lakini inavimbisha ufizi na kuotesha nywele usoni, na dozi yake ni ya hila: ukiongeza kidogo tu damu inafurika. Valproeti ni nzuri mno kwa kuzubaa na kushtuka asubuhi, na kwa wanaume na wavulana ningeitaja mapema. Kwa mabinti nimeshasema. Valium ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa au ya sindano ni ya kuzima moto, kifafa kinapopita dakika tano. Kuimeza kila siku kama tiba ya kifafa ni kupoteza: mwili huizoea upesi, na siku ya moto hamtakuwa na maji.

Ningechagua vipi

Mtu mzima wa kijijini, kifafa cha kutupa mwili, kituo kina fenobabitoni bila kukatika, hanywi pombe, kazi yake si ya kuendesha mashine: fenobabitoni, usiku, kuanzia chini. Mwanafunzi, mwalimu, karani, mtu ambaye chakula chake kinatoka kichwani: kabamazepini, kama anaweza kuinunua pale inapokosekana dirishani. Mwenye kifafa kinachoanzia upande mmoja, kidole kinatetemeka kwanza au harufu ya ajabu inamjia kabla ya kuanguka: kabamazepini tena, maana hicho ndicho kifafa inachokipatia zaidi. Mzee mwenye presha anayekunywa dawa za kukojoza maji: hapo kabamazepini inanitia wasiwasi, kwa sababu inaweza kumshushia chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa, na fenobabitoni nayo inamwangusha chooni usiku kwa usingizi. Huyo aende kwa daktari bingwa kama kuna uwezekano wowote.

Ukishachagua na ikabidi kuhama, usiruke kutoka dawa moja kwenda nyingine kama mtu anayebadilisha daladala. Mpya inaingizwa polepole huku ya zamani ipo, ikishafika dozi inayofaa ndipo ya zamani inapunguzwa, na fenobabitoni hupunguzwa kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Katika kipindi hicho mgonjwa anabeba usingizi wa dawa mbili. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye kalenda ya ukutani: vidonge vingapi vya hii, vingapi vya ile, na msalaba mwekundu siku ya kuanguka. Kalenda hiyo ilimsaidia daktari kuliko maneno yetu yote.

Yule mama nilimpa kalenda kama hiyo. Mtoto yuko kwenye vidonge viwili usiku, uji anakunywa, na misalaba imetoka kumi na mmoja hadi mmoja kwa mwezi. Mwalimu wake, hata hivyo, ameandika kwenye daftari kwamba anasoma mstari ule ule mara tatu. Kwa hiyo tumekubaliana na daktari kumjaribu kwenye kabamazepini, lakini tumeisogeza hadi Desemba shule zikifungwa, ili wiki za kubeba dawa mbili zimkute nyumbani. Mama ameshaanza kuulizia bei.